Umeapdeti mfumo, kifaa kimegoma? Namna ya kudili na draiva iliyochelewa

Ya kwanza kabisa kabla hatujaanza, usidaunlodi zile programu zinazojitangaza eti zitakutafutia draiva zako zote (vile viprogramu vinavyouwezesha mfumo kuongea na kifaa) kwa kubofya mara moja. Mtu akishaapdeti mfumo wa kompyuta, kama Windows, afu printa ikanuna, sauti ikapotea au skana ikabaki kuwa boksi la plastiki tu mezani, anachokimbilia ni kugugo jina la kifaa na neno draiva, na majibu ya juu kabisa mara nyingi ni hizo takataka. Zinakujazia matangazo, zinadai hela ya toleo kamili, na wakati mwingine zinakuwekea draiva ya kifaa kingine kabisa halafu sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Swali la kujiuliza ni moja tu na mwongozo huu wote unalizunguka hilo: hii draiva imechelewa, au haiji kabisa? Kwa sababu kama imechelewa kazi yako ni kurudi nyuma na kusubiri, na kama haiji kazi yako ni kutafuta njia ya kuzunguka, na watu wengi wanapoteza miezi wakisubiri kitu ambacho kampuni ilishaamua zamani haitakitoa.

Kwanini wanachelewa

Draiva ni programu ndogo kama nilivyosema, ila tofauti na programu za kawaida yenyewe nyingi zinafanya kazi huko ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo, kwa hiyo huko ndani kukiguswa kidogo tu draiva inayumba wakati programu zako nyingine zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Ndo maana unakuta kivinjari kinafunguka fresh tu ila sauti hamna. Sasa mwenye mfumo ni mmoja, mwenye kifaa ni mwingine, na mara nyingi kuna wa tatu aliyetengeneza chipu iliyo ndani, wewe unamgombeza mwenye jina juu ya boksi kumbe naye anamsubiri mwenye chipu. Ukipiga simu kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake.

Ile sababu ya "mfumo mpya umetushtukiza" mimi siikubali. Microsoft wana mpango wa Insider tangu 2014, matoleo ya majaribio yanatoka mapema kila mtu anayaona, na Apple wanatoa beta mwezi Juni halafu toleo lenyewe linakuja miezi kadhaa baadaye. Muda upo. Tatizo ni hela, wewe kifaa ulishakilipia, kukuandikia draiva mpya hakuwaingizii chochote, na kuna kifaa kipya wanataka ukanunue.

Na sio mambo ya leo. Windows Vista ilivyoingia sokoni Januari 2007 ilikuja na mfumo mpya kabisa wa draiva za grafiki, na kampuni nyingi hazikuwa tayari, mpaka nyaraka za kesi mahakamani Marekani zikaja kuonyesha kwamba karibu asilimia 29 ya kukwama kwa Vista kulikorekodiwa na Microsoft mwaka huo kulitokana na draiva za Nvidia, watengenezaji wa chipu za grafiki. Mwaka uliofuata, 2008, Creative wakamwambia mteja wao mmoja aache kusambaza draiva za kadi zao za sauti alizozirekebisha mwenyewe zifanye kazi vizuri kwenye Vista, wakaeleza kwamba kuamua kadi gani ipewe uwezo gani ni uamuzi wao wa kibiashara. Wateja waliwaka moto. Lakini angalau pale jibu lilitoka waziwazi, siku hizi unaambiwa "tunalifanyia kazi" miaka miwili.

Kama umeapdeti juzi tu, anza hapa maana muda unakimbia

Windows ukishapanda toleo kubwa inakutunzia mfumo wa zamani kwa siku 10 tu, kwenye folda inayoitwa Windows.old. Baada ya hapo inafuta. Kwa hiyo kama uko ndani ya hizo siku na kifaa kilichogoma ndo unachokitegemea kwa kazi, nenda Settings, System, Recovery, halafu bofya Go back. Usianze kuhangaika na draiva siku tisa afu ya kumi na moja ndo ukumbuke kurudi. Kama hujaamua bado, ongeza muda: fungua Command Prompt kama administrator uandike

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Hiyo inakupa mpaka siku 60, ila lazima uifanye kabla ya zile 10 hazijaisha, na usifute Windows.old kwa kisingizio cha kupata nafasi kwenye diski. Kabla ya kurudi nyuma bekapu faili zako, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) hakikisha una ile rikavari kii, namba ndefu ya kuifungulia, mahali pengine nje ya kompyuta hiyo, nasisitiza nje, kuna watu wameihifadhi kwenye desktopu ya laptopu ileile iliyojifunga.

Kama kilichokuharibia sio toleo kubwa bali apdeti ya kila mwezi, njia ni nyingine: Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates, toa ile ya mwisho. Halafu bofya Pause, Windows inakubali kusimamishwa mpaka wiki 5, na kwa draiva iliyochelewa tu wiki 5 mara nyingi zinatosha.

Halafu kuna hali ya tatu ambayo ndo rahisi kuliko zote: mfumo haujabadilika, ila Windows Update yenyewe imekuletea draiva "mpya" mbovu juu ya ile iliyokuwa inafanya kazi. Bofya kulia kwenye Start, chagua Device Manager, tafuta kifaa chako, bofya kulia, Properties, tabo ya Driver, Roll Back Driver. Kama kitufe kimefifia maana yake hamna draiva ya nyuma iliyohifadhiwa.

Soma kompyuta inakwambia nini

Hapohapo Device Manager, kifaa chenye alama ya njano kina namba ya kosa, na watu wengi hawaisomi. Kodi 28 maana yake hamna draiva kabisa. Kodi 10 kifaa kimeshindwa kuanza, inaweza kuwa draiva au kifaa chenyewe, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine kabla hujamlaumu mtu. Kodi 43 kifaa chenyewe kimeripoti tatizo, hapo badilisha waya na tundu la USB kwanza, usicheke, inafanya kazi mara nyingi kuliko unavyodhani. Kodi 52 ni sahihi ya kidijitali ya draiva, yaani muhuri unaoonyesha imetoka kwa nani na haijachezewa, haijakubaliwa.

Kuna na hii inayowachanganya watu wengi: draiva ipo, ilikuwa inafanya kazi, halafu ghafla Windows 11 inasema haiwezi kuipakia. Mara nyingi ni ule ulinzi unaoitwa Memory integrity, uko Windows Security, Device security, Core isolation details. Ukiufungua unakuonyesha orodha ya draiva zisizoendana nao. Unaweza kuuzima na kifaa kikarudi, ila ujue unachokizima ni ukuta unaozuia virusi kuingia kwenye kiini cha mfumo. Kwa kujaribu tu ili ujue tatizo liko wapi, sawa. Kuishi hivyo kwenye kompyuta unayofanyia miamala ya benki, hapana.

Kumtafuta mwenye draiva kwa namba badala ya jina

Jina la kwenye boksi linadanganya. Kampuni moja inaweza kuuza adapta ya waifai ya jina lilelile na ndani ikabadilisha chipu bila kumwambia mtu, ndo maana unadaunlodi draiva ya modeli yako halisi na haikubali. Kwenye Properties ya kifaa nenda tabo ya Details, kwenye ile orodha chagua Hardware Ids, utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_ na namba nyingine. VEN ndo kampuni ya chipu, DEV ndo chipu yenyewe, na kwa vifaa vya USB utaona VID na PID. 8086 ni Intel, 10DE ni Nvidia, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek. Sasa gugo hiyo namba, na ukishajua chipu nenda kwenye tovuti ya mwenye chipu, maana mara nyingi yeye ana draiva mpya zaidi ya aliyebandika jina lake. Ila kwa laptopu angalia vizuri, draiva za grafiki na sauti wakati mwingine zimerekebishwa na mtengenezaji wa laptopu na ile ya jumla inaweza kukupotezea vitufe vya mwanga au spika za pembeni, kwa hiyo tengeneza restore point (alama ya kurudishia mfumo ulivyokuwa) kabla.

Na sehemu nyingine ya kuangalia ambayo imejificha kidogo, Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Kuna draiva zinakaa huko wiki na wiki zinasubiri uzichague mwenyewe.

Installa inakataa, draiva haijakataa

Hii ndo mbinu iliyookoa vifaa vingi kuliko zote na sijui kwanini haisemwi zaidi. Unadaunlodi faili la kampuni, unalifungua, linakwambia mfumo wako hauna sapoti, kwaheri. Mara nyingi anayekataa ni lile programu la kuinstoli linaloangalia namba ya toleo la Windows, draiva iliyomo ndani wala haina shida. Draiva nyingi za Windows 10 zinafanya kazi 11 bila neno, na za nyuma zaidi ya hapo nazo nyingi tu, mradi ni za 64-bit kama Windows 11 yenyewe. Kwa hiyo chukua 7-Zip, fungua lile faili la exe kama folda ya zipu, toa vilivyomo, tafuta faili linaloishia na .inf. Rudi Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa, Update driver, Browse my computer, onyesha ile folda. Ikikubali umemaliza, huna haja ya lile programu lao zito.

Usifungue hilo faili la .inf ukaanza kulihariri ili likubali kwa nguvu, maana ukibadilisha hata herufi moja sahihi yake inavunjika na Windows ya 64-bit itaikataa, na ukianza kuzima ukaguzi wa sahihi ili kupitisha draiva uliyoitoa kusikojulikana hapo umeshatoka kwenye kutengeneza umeingia kwenye kuharibu.

Mambo mawili hayana ujanja. Draiva ya 32-bit haiingii kwenye mfumo wa 64-bit, kwisha. Na laptopu zenye prosesa ya ARM (aina tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD) zinaweza kuendesha programu za kawaida za Windows kwa kuigiza, lakini draiva haziigizwi, lazima iandikwe ya ARM64. Ukiwa na skana ya zamani na laptopu mpya ya ARM usipoteze wikendi yako.

Printa na skana, hawa ndo wagomvi wakubwa

Habari njema ni kwamba printa nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji draiva ya kampuni kabisa. Kama ilitangazwa ina AirPrint, kitu ambacho Apple walikileta 2010, au ina alama ya Mopria, basi inaelewa lugha ya pamoja inayoitwa IPP na Windows ina draiva yake ya jumla ya hiyo. Iunganishe kwa mtandao, ifute kwenye orodha, iongeze upya na uiache Windows ichague yenyewe. Utapoteza vikorombwezo kama kipimo cha wino, ila karatasi inatoka. Printa za ofisini za zamani nyingi zinaelewa PCL au PostScript, na draiva ya jumla ya lugha hizo inatosha. Microsoft walishatangaza 2023 kwamba wanaondoka taratibu kwenye draiva za printa za kampuni moja moja kuelekea IPP, kwa hiyo kama printa yako haina njia hiyo, kaa ukijua upepo unavuma upande gani.

Skana ni ngumu zaidi. Jaribu kwanza NAPS2, programu ya kuskani, ni ya bure na inaongea njia kadhaa tofauti. Ikishindwa kuna VueScan, ya kulipia, ila ina draiva zake yenyewe za skana kibao ambazo kampuni zilishazitelekeza, na ina toleo la kujaribu kwa hiyo usilipe mpaka uone picha imetoka. Na Linux kupitia SANE (mkusanyiko wake wa draiva za skana) inazijua skana nyingi za kale, kwa hiyo hata kabla ya kuinstoli chochote unaweza kuwasha kompyuta kwa fleshi yenye Ubuntu ukaona kama skana inaamka.

Wa Mac na wa Linux, kwa kifupi

Mac haina kile kitufe cha kurudi ndani ya siku 10. Kurudi toleo la nyuma ni kufuta diski, kuinstoli upya na kurudisha mafaili toka Time Machine (bekapu ya Mac), kwa hiyo bekapu inafanyika KABLA. Apple wamekuwa wakizisukuma nje draiva za mtindo wa zamani, kexts, na kwenye Mac zenye chipu za M1 na kuendelea ukitaka kuziruhusu lazima uingie Recovery upunguze kiwango cha ulinzi. Wanaorekodi muziki ndo wanaumia zaidi, na ndo maana wengi wao hawaapdeti mpaka kampuni ya kifaa chao cha sauti iseme rasmi kwamba tayari. Waige.

Linux draiva nyingi ziko ndani ya keneli yenyewe, yaani kile kiini cha mfumo, kwa hiyo vifaa vya zamani vinaishi muda mrefu, shida ni zile za nje, hasa Nvidia na baadhi ya waifai, keneli ikipanda zenyewe lazima zijengwe upya. Ukiwasha ukakuta skrini nyeusi, washa tena, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha) ingia Advanced options uchague keneli ya jana. Ukishaingia fungua terminal uandike dkms status (dkms ndo inayozijenga upya draiva za nje) uone kipi hakikujengwa, na angalia kama heda za keneli mpya, mafaili yanayohitajika kuzijenga, zipo. Kama Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) iko on na moduli, yaani hiyo draiva, haijasainiwa, imejengwa vizuri ila haitapakiwa, na watu wanazunguka hapo siku nzima.

Kuwaandikia kampuni ili wakujibu

Hasira unayo na una haki nayo ila ujumbe wa "bidhaa yenu mbovu" unajibiwa na jibu la kukopi na kupesti. Andika modeli kamili pamoja na ile rivishen iliyo kwenye stika ya chini, Hardware Id, toleo na bild ya Windows (andika winver kwenye Start utaiona), namba na tarehe ya draiva uliyonayo, kodi ya kosa. Halafu uliza swali lisilo na pa kukimbilia: mtatoa draiva ya toleo hili, ndiyo au hapana, na kama ndiyo lini? Wakikujibu hapana umeshinda, maana sasa unajua husubiri tena. Wakijibu "tunafuatilia" bila tarehe, mimi nahesabu hiyo ni hapana. Angalia pia kwenye ukurasa wa sapoti tarehe ya draiva yao ya mwisho kwa modeli hiyo, kama ni ya miaka mingi nyuma jibu unalo kabla hata hujaandika.

Kama kifaa ni kipya na boksi limeandika kinafanya kazi na mfumo ulionao, na hakifanyi, acha kabisa kuhangaika na draiva, piga picha boksi, piga picha kosa, kirudishe kwa muuzaji ndani ya muda wa kurudisha. Hilo ni tatizo lao.

Jibu likiwa ni haiji

Kifaa cha gharama hakitupwi kwa sababu ya draiva. Weka Windows ya zamani ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) kama VirtualBox, halafu ipitishie kile kifaa cha USB moja kwa moja, kwa skana na vifaa vya maabara hii inafanya kazi vizuri, kwa kadi za ndani za PCI sahau. Au tenga laptopu moja chakavu iwe ya kifaa hicho tu, bila intaneti, unahamisha mafaili kwa fleshi. Kumbuka Windows 10 yenyewe sapoti yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kubaki nayo mtandaoni kwa ajili ya skana moja sio mpango.

Ila kuna kesi ambazo mfumo wenyewe ndo umekata mguu, sio kampuni. Zile kofia za uhalisia pepe za Windows Mixed Reality, Microsoft waliuondoa mfumo wake mzima kwenye Windows 11 toleo la 24H2, mwaka 2024, na draiva ya mtengenezaji haiwezi kurudisha kilichoondolewa.

Kabla hujaapdeti tena

Chomeka fleshi, tengeneza ndani yake folda inayoitwa draiva, na kwenye Command Prompt ya administrator andika hivi ukibadilisha herufi ya diski kulingana na yako:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Inakopi draiva zote za nje ulizonazo, na siku kampuni ikizifuta kwenye tovuti yao (wanafuta, sana tu) wewe unazo. Kama kompyuta haijapewa toleo jipya wakati za wenzako zimepewa, usilazimishe kwa kudaunlodi ISO (faili zima la kuinstolia Windows), Microsoft huwa wanazuia makusudi mashine zenye draiva inayojulikana kuleta shida mpaka itengenezwe, na ukipita kwa mlango wa nyuma umejipeleka mwenyewe. Mwenye Windows Pro anaweza pia kuingia gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows) akaizuia Windows Update isilete draiva kabisa, ila basi kuziapdeti inakuwa kazi yako.

Na siku ukienda kununua kifaa kingine, acha kusoma sifa za hicho kipya. Ingia kwenye ukurasa wa sapoti wa kampuni hiyo, tafuta modeli waliyoiuza miaka mitano sita iliyopita, uangalie draiva yake ya mwisho ilitoka lini na ni ya mfumo gani.